Mpunga si Wali

Tangu mwaka 2023 mabaraza yetu ya pwani yamepata fimbo mpya ya kupigania ugomvi wa zamani. Mwaka huo jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa baina ya mwaka 1250 na 1800 hivi, wengi wao katika miji ya kale ya mwambao, Manda, Mtwapa na Songo Mnara ikiwamo. Ilionekana kwamba wengi wao walirithi asili ya Kiafrika kwa upande wa mama hasa, na asili ya Asia, Uajemi kwanza, kwa upande wa baba. Na kwamba mchanganyiko huo ulianza yapata mwaka 1000. Basi kila mwenye hamu yake akachukua nusu aipendayo. Mpenda Ushirazi akamkumbatia baba, mpinzani wake akamkumbatia mama, na wote wawili wakaondoka wakidai ushindi.

Mimi nasema kilichoharibika ni swali lenyewe. Nasaba humweleza mtu alizaliwa na nani. Haielezi aliamka na njaa au na shibe, wala alikaa kwenye sinia gani. Huku Kingolwira ninakoandikia, chini ya milima ya Uluguru, ukoo hufuata mama. Mluguru hahitaji maabara imfunze kwamba baba aweza kutoka mbali na mtoto akabaki wa nyumbani. Nyumba hujengwa na jiko kabla haijajengwa na shajara.

Na mfupa huo huo unaochambuliwa kwa nasaba unayo habari nyingine, ambayo barazani haina mpenzi. Ndani ya mfupa mna utomvu mgumu uitwao kolajeni, unaojengwa kwa chakula na kujijenga upya polepole, hata mfupa wa paja la mtu mzima ukawa na kumbukumbu ya miaka kumi na zaidi ya mlo wake. Kaboni ya chakula ina sura mbili zisizooza wala kubadilika, nyepesi na nzito, ambazo wataalamu huziita isotopu thabiti; naitrojeni vivyo hivyo. Mtama, uwele, mahindi na miwa hubeba kaboni nzito zaidi kuliko mpunga, ndizi, magimbi na muhogo. Naitrojeni nzito nayo huongezeka kila mlaji anapoliwa na mlaji mwingine, hivyo mla papa humzidi mla kunde. Mwaka 1986 Stanley Ambrose na Michael DeNiro walionyesha, kwa mifupa ya watu wa Afrika Mashariki na Kusini, kwamba njia hii huweza kumtenga mfugaji na mkulima, na mla samaki na asiyemla.

Kwa nini jambo hili litushughulishe sisi watu wa mashairi? Tazameni Pemba. Sarah Walshaw, aliyechunguza mbegu zilizoungua katika magofu ya kisiwa hicho na kuchapisha matokeo yake mwaka 2010, alikuta uwele ukitawala Tumbe katika karne za mwanzo, kisha mpunga ukishika nafasi Chwaka tangu karne ya 11, wakati miji na Uislamu vilipokuwa vikikua. Habari njema! Lakini mpunga huo nani aliula? Lugha yetu ina hekima hapa kuliko nyingi: mpunga ni wa shamba, mchele ni wa ghala, wali ni wa sahani. Mbegu iliyoungua ni ushahidi wa mpunga. Ushahidi wa wali uko mfupani. Je, mke wa nyumba ya mawe na mtwana wake walikula chungu kimoja? Mpunga ulikuwa mlo wa wote, au wa karamu za wachache huku walioupanda wakila uwele? Tarehe za Kilwa zinawataja masultani. Hazikumwandika mpondaji wa nafaka. Mfupa wake ndio waraka pekee aliotuachia.

Walakini sikubaliani kabisa na wale wanaopenda kusema kwamba mfupa hausemi uongo. Mfupa hausemi kitu. Anayesema ni mfasiri wake, na mimi ninayeishi kwa kufasiri najua mfasiri aweza kupotosha pasipo nia mbaya. Kaboni nzito yaweza kuwa mtama, yaweza kuwa nyama ya ng'ombe aliyekula nyasi za nyikani. Tasi na pono, wanaojilisha kwenye majani ya bahari na miambani, huweza kuacha kaboni inayokaribiana na ya mtama, na naitrojeni yao haipandi kama ya nguru. Asiyejua bahari atamwona mkulima mahali alipolala mvuvi. Ujuzi wa kutenga haya hauko katika mashine peke yake. Uko kwa wavuvi wa Mkokotoni na kwa bibi wajuao kitoweo cha kila msimu, nao hawaulizwi kwa sababu makala huandikwa kwa lugha wasiyoisoma.

Wapo watakaosema: waacheni maiti walale, wamezikwa kwa heshima wakielekezwa kibla. Neno hilo lina uzito, na asiyelisikia hafai kushika jembe la uchimbaji. Kipande kinachopimwa ni kidogo, lakini kikishayeyushwa hakirudi. Ndiyo maana idhini ya wenyeji ni wajibu wa kwanza. Si adabu ya ziada. Ila tusisahau kwamba kunyamaza nako kuna upande: hulinda habari za waliokwisha kuandikwa.

Na hapa ninalo la kuwadai wenzangu wa visiwani. Tunapozungumza juu ya Uswahili tunaishia ufukweni, kana kwamba nyuma ya minazi hapakuwa na watu. Dakawa, kaskazini ya mji wa Morogoro, Randi Haaland na Caesar Msuya waliandika mwaka 2000 juu ya wafinyanzi, wafua chuma na biashara ya zama za mwanzo za chuma. Ni kweli kwamba joto, mvua na udongo wenye asidi hula kolajeni upesi, na mchanga wa matumbawe huhifadhi mifupa vyema zaidi. Lakini gamba la jino hutunza kaboni hata pale kolajeni ilipokwisha. Bara haikukosa ushahidi, imekosa watafutaji. Na historia ya pwani isiyomjua aliyelima bara ni nusu ya historia.

Basi madai yangu ni matatu. Kila uchunguzi wa mifupa ya wazee wetu uandikwe pia kwa Kiswahili fasaha, usomwe barazani kabla haujazeeka. Kila nambari ya maabara ipitie kwa watu wajuao shamba, bahari na jiko. Na sisi washairi, tuliokesha karne nzima tukiimba nasaba, tujifunze kuuliza jambo dogo na zito zaidi: huyu aliyelala hapa alishiba? Atakayelijibu hilo atatueleza sisi ni nani kuliko shajara zote za Shirazi.