Mhadhara wa Wagiriki uje Nachingwea

Huko Ulaya na Marekani makumbusho ya vyuo vikuu, Ashmolean ya Oxford mojawapo, yana desturi ya kumkaribisha yeyote aje asikilize habari za Ugiriki na Roma ya kale. Anaingia mstaafu, anaingia muuza duka, anauliza linalomkera, anakwenda zake. Mimi nataka mihadhara ya namna hiyo ije Nachingwea, na Ruangwa isirukwe.

Nitaambiwa: Mwalimu, sisi tunalilia barabara, wewe unatuletea Wagiriki! Lakini hao walituandika. Katika karne ya 1 mfanyabiashara mmoja wa Misri aliyeandika kwa Kigiriki aliacha kitabu kidogo cha safari za bahari, Periplus, na ndani yake imo pwani hii, aliyoiita Azania, pamoja na soko lake la mwisho, Rhapta. Zililetwa pale mikuki, mashoka na vitu vya kioo. Zikaondoka pembe za ndovu kwa wingi, pembe za kifaru na magamba ya kasa. Kisha mwandishi anaongeza kwamba pembe za ndovu za Rhapta hazifikii ubora wa zile za Adulis, bandari ya Bahari ya Shamu. Aliyewahi kusimama kwenye ghala la chama cha ushirika (AMCOS) akasikia korosho zake zikiitwa daraja la pili ataitambua sauti hiyo mara moja.

Rhapta ilikuwa wapi hasa, wataalamu bado wanabishana. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliitafuta upande wa Rufiji, na mwaka 1999 alichapisha habari za shanga za Kirumi zilizochimbuliwa huko. Ukipanda basi la Dar kutoka hapa, Rufiji unaivuka kwenye Daraja la Mkapa, na abiria wengi wakati huo wamesinzia. Shanga kama hizo ndizo ningependa zifungashwe kwenye kisanduku ziletwe, bibi zetu wazitazame tundu na uzito. Hapo mhadhiri naye ataulizwa: zilivaliwa kiunoni au shingoni, na zilitungwa kwa uzi gani?

Kwamba watu hawatakuja, siamini. Nilipokuwa nafundisha, wanafunzi wangu waliigiza Juliasi Kaizari kwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1963. Wazazi waliofika kwa heshima tu walibaki uwanjani wakibishana kama Bruto ni muuaji au mzalendo. Mama mmoja muuza maandazi aliwakata kauli wote: Kaizari angemsikiliza mkewe asubuhi ile, angerudi kula chakula cha mchana. Isitoshe, Wakristo wanasoma Waraka kwa Warumi, Waislamu wana Sura ya 30, Ar-Rum. Mrumi hapa si mgeni kiasi hicho.

Sharti langu ni kwamba wahadhiri wasianze na makaizari na nguzo za marumaru. Waanzie sokoni. Na waje na vitu, si picha za ukutani tu, maana mkoa wa Lindi umechoka kuhadithiwa vya kwake vikiwa ugenini: mjusi wa Tendaguru, dinosaria aliyechimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913, amesimama Berlin, na watoto wetu wanamjua kwa kusikia.

Waje Septemba, kupulizia mikorosho kukiwa kumekwisha na minada bado. Ukumbi si tatizo. Darasa lenye madirisha mapana linatosha, na jenereta ikibidi. Ruangwa, wanaoishi na habari za wawekezaji wa madini ya kinywe, watakuwa na yao ya kuuliza. La kwangu ni kuhusu zile pembe: nani alizibeba kutoka bara mpaka pwani, alilipwa nini njiani, na bei ilipangwa na nani?