Usiuachie msiba ufungue daftari lako

Wafanyabiashara wenzangu, leo tuongelee kitu tunachokikwepa: wosia. Najua wapo watakaosema hayo ni mambo ya matajiri, wengine watasema ni kujichuria. Mimi sikubali.

Hapa Kikatiti nilikuwa na jirani, fremu ya pili kutoka kwangu. Alifariki ghafla. Matanga hayajaisha, mwenye fremu anadai kodi, wa jumla wa Arusha mjini anadai mzigo aliokopesha. Waliokuwa wanadaiwa na marehemu? Kimya, hakuna hata mmoja aliyejitokeza. Mkewe hakujua lolote, daftari lilikuwa kichwani mwa mume. Shemeji zake nao wakasema duka ni la kaka yao. Leo mama yule anauza ndizi pembeni ya barabara ya Moshi.

Na usidhani karatasi peke yake inatosha. Mzee Reginald Mengi, wa hapo jirani Machame, alifariki Mei 2019. Wosia uliosemekana ni wake, wa mwaka 2017, ulitenguliwa na Mahakama Kuu mwaka 2021. Sababu mojawapo: wanawe walinyimwa urithi bila kuelezwa kwa nini. Kama yametokea kule, kwetu sisi wa duka moja itakuwaje?

Ushauri wangu:

1. Andika mali na madeni yote: mzigo, kodi ya fremu, hisa za VICOBA, laini ya uwakala, nani unamdai na nani anakudai.

2. Kaa na mwenzio na watoto wakubwa. Sema nani ataendeleza duka, na kwa nini. Anayenung'unika anung'unike ukiwa hai, umjibu mwenyewe.

3. Wosia wa kimila wa maandishi, kama unajua kusoma na kuandika, unataka mashahidi wasiopungua wawili nao wanaojua kusoma na kuandika: mmoja wa ukoo, mwingine mtu baki. Mke aliyepo nyumbani naye ashuhudie. Muislamu amuone shekhe, mirathi yao ina mafungu yake.

4. Unaweza kuuhifadhi RITA. Ila waambie nyumbani uko wapi! Wosia usiojulikana ulipo ni sawa na hakuna.

Kuongea hakuui mtu. Kinachoua duka ni siri.

Jioni hii ukishafunga hesabu, usiondoke na daftari peke yako. Mwite mwenzio, mlifungue pamoja.