Sungura Akisusa Chakula, Usingoje Kesho



Miongoni mwa wanyama ambao watoto huwaomba wazazi wao wawanunulie, sungura hakosi kutajwa. Ni mpole, hana kelele, na banda lake halihitaji uwanja mpana. Hata hivyo, upole huo ndio unaowaponza wengi. Sungura kwa maumbile yake ni mnyama awindwaye, na mnyama awindwaye huficha maumivu ili adui asiutambue udhaifu wake. Ndiyo maana utasikia watu wakisema sungura wao alikufa ghafla, ilhali tumbo lake lilikwisha kutoa ishara tangu jana yake.

Ili tuzielewe ishara hizo, yatupasa kwanza kulijua tumbo lenyewe. Sungura hawezi kutapika; alichokimeza hakina njia ila kusonga mbele. Majani anayokula huchachuliwa na bakteria katika mfuko mkubwa ulio mwanzoni mwa utumbo mpana. Hapo hutoka kinyesi cha namna mbili: punje kavu za mviringo, ambazo huzifagia kila siku, na vishada laini ambavyo yeye mwenyewe huvila, aghalabu usiku au alfajiri. Mtoto akiliona jambo hilo asidhani ni uchafu wala ugonjwa. Vishada hivyo vina protini na vitamini, na sungura akizuiwa kuvila hudhoofika.

Kinachousukuma utumbo huo ni nyuzinyuzi, yaani ule ugumu wa nyasi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya chakula cha sungura iwe nyasi, mbichi au kavu, na zipatikane mchana na usiku. Nyasi hizo ndizo pia zinazoyapunguza meno yake, ambayo hayaachi kuota maisha yake yote. Mkate, wali, biskuti na matunda matamu kwa wingi huuvuruga utumbo na kuwastawisha bakteria wabaya. Kabichi nyingi huleta gesi. Majani yaliyoloa mvua au umande ni bora yatandazwe kivulini hadi yanyauke. Majani ya mparachichi, mnyanya na kiazi mviringo yasimkaribie kabisa, kwani yana sumu. Maji safi yawepo saa zote, hasa katika miezi ya joto. Na chakula kipya kiingizwe kidogo kidogo kwa muda wa wiki moja au zaidi, hususan kwa watoto wa sungura waliotoka kuachishwa kunyonya, kwani matumbo yao huharibika upesi.

Sasa tuje kwenye hatari yenyewe. Sungura aliyepungukiwa nyuzinyuzi au maji, aliyeshtushwa na mbwa, aliyeunguzwa na joto au mwenye maumivu ya meno, utumbo wake huweza kupunguza mwendo na hatimaye kusimama. Gesi hujaa, maumivu huzidi, naye huacha kula. Na kwa kuacha kula, utumbo huzidi kulala. Dalili zake ni punje ndogo kuliko kawaida au kukosekana kabisa, kujikunyata pembeni, kusaga meno, na kukikataa hata kile chakula akipendacho. Akipitisha saa 12 bila kula wala kutoa kinyesi, hiyo ni dharura. Daktari wa mifugo atampa dawa ya maumivu na maji ya mwilini, na akiona inafaa ataagiza alishwe uji wa majani kwa sirinji isiyo na sindano. Tumbo likiwa limevimba na kukaza kama ngoma, usimlishe chochote kwa nguvu. Huenda njia imeziba.

Lipo kosa moja linalostahili onyo la peke yake. Baadhi yetu, mnyama akiugua, hufungua kabati na kutoa vidonge vilivyobaki vya binadamu. Amoksisilini na dawa nyingine za jamii ya penisilini, zikipitishwa mdomoni mwa sungura, huwaua bakteria wema wa tumboni na kuwaachia nafasi wale wenye sumu. Mnyama huharisha, kisha hufa. Dawa iliyomponya mtoto wako yaweza kumuua sungura wake.

Kuharisha nako kusichukuliwe kuwa jambo dogo. Kwa sungura wadogo, mara nyingi huletwa na vimelea viitwavyo koksidia, vinavyoenea kwa kinyesi kinachochanganyika na chakula au maji. Sakafu ya banda iinuliwe na iwe na matundu ya kupitisha kinyesi, pawepo na sehemu tambarare ya kupumzishia miguu, na majani yawekwe katika kihori, si chini.

Wazazi, mpeni mtoto mwenye sungura kazi mbili kila asubuhi: atazame kama chakula cha usiku kimeliwa, na atazame punje zilizoanguka kama ni nyingi, kubwa na kavu. Kazi hiyo haimalizi dakika tano. Mnyama aliyefungiwa bandani hana pa kwenda kujitafutia nyasi wala dawa. Vyote hivyo vimo mikononi mwa aliyemfungia. Na kabla ya kumnunua, ulizeni kwanza ni daktari gani wa mifugo aliye karibu anayetibu sungura, na nambari yake muwe nayo.