Mama Safu ya 9, Mtoto Safu ya 26



Jirani yangu mmoja, mke wa sajini wa polisi, alirejea Entebbe mwaka jana kutoka nchi za Ghuba, alikokwenda kumzuru dada yake aliyeajiriwa huko. Alikuwa na watoto wake wawili, mmoja wa miaka saba na mwingine wa miaka minne. Walisafiri kwa ndege ya shirika moja la nauli nafuu, na kweli nauli ilikuwa nafuu. Hilo yeye mwenyewe halikatai. Lakini alipokabidhiwa kadi tatu za kupandia ndege aliona nambari tatu zisizojuana: yeye safu ya 9, mtoto mkubwa safu ya 17, na yule mdogo safu ya 26. Alipouliza, aliambiwa kwamba wanaotaka kuketi pamoja hulipia viti vyao siku ile wanapokata tikiti. Wakala aliyemwuzia tikiti hakumdokezea neno hilo hata kidogo.

Ndani ya ndege kijana mmoja aliyekuwa kando ya yule mtoto mdogo alimpisha mama, Mungu ambariki. Lakini bwana aliyeketi karibu na mtoto mkubwa alikuwa amekwisha kukilipia kiti chake, naye hakukubali kuondoka. Sisemi kwamba alikosa, fedha alizitoa. Basi mtoto wa miaka saba akasafiri zaidi ya saa tano baina ya watu asiowajua, akiona haya hata kuomba njia ya kwenda msalani.

Habari hii ilizungumzwa uani kwetu jioni nyingi. Sajini alikuwa na dawa yake tayari. “Mwalimu,” aliniambia, “hizi nambari za viti zina faida gani? Kwenye basi la Gulu anayewahi ndiye anayeketi. Wangaliacha kila mtu akae apendapo, mke wangu angaliwahi, akawakalisha watoto wake, na mambo yangalikwisha.” Mkewe alicheka. “Baba watoto, wewe hupanda basi huna mtoto mgongoni wala mfuko mkononi. Mimi nitawahi vipi?”

Nimefikiri sana juu ya maneno ya hao wawili, kwa maana mabishano yao si ya uani kwetu tu. Liko shirika kubwa la ndege ambalo kwa zaidi ya miaka 50 liliendesha safari zake kwa utaratibu ule ule anaoutaka sajini, kisha likauacha. Yafaa tuyatazame yaliyolipata.

Shirika hilo ni Southwest Airlines la Marekani. Lilianza kurusha abiria mwezi Juni 1971 baina ya miji mitatu ya jimbo la Texas, yaani Dallas, Houston na San Antonio. Lilikuwa shirika dogo na maskini. Mwaka 1972 lilibanwa na ukosefu wa fedha hata likauza ndege moja kati ya nne ilizokuwa nazo, lakini halikutaka kupunguza safari. Njia pekee iliyobaki ilikuwa kuhakikisha kwamba ndege inapotua inashusha abiria, inapakia wengine na kuondoka katika muda wa dakika kumi. Ndege iliyosimama uwanjani hailipwi na mtu. Basi viti havikuwa na wenyewe. Abiria alipewa kadi ya plastiki yenye nambari ya zamu yake ya kuingia, akaingia, akakaa penye nafasi, na kadi ile ikatumika tena kwa safari nyingine.

Msomaji aweza kudhani kwamba vurugu ya namna hiyo huchelewesha. La, yaharakisha. Abiria mwenye nambari husimama katikati ya njia akitafuta safu yake. Akiiona, humkuta mwingine amekwisha kuketi kando ya njia, basi huyo huinuka, wa nyuma yao husubiri, na foleni yote husimama hadi mlangoni. Asiye na nambari akiona njia imezibwa hutumbukia katika kiti kilicho karibu. Mwaka 2008 mwanafizikia wa Marekani, Jason Steffen, alichapisha hesabu zake juu ya jambo hili. Alionyesha kwamba kuwaingiza abiria kwa mpango wa safu, kuanzia nyuma kuja mbele, ambako kwa macho huonekana ndiko kwenye busara, ni miongoni mwa njia za polepole. Hata watu wakiingia ovyo huipita njia hiyo.

Kwa hiyo sajini hakukosea kabisa. Tena kuna jambo jingine la kumtetea. Southwest liliwagawa abiria wake makundi matatu, A, B na C, na wazazi wenye watoto wa miaka sita au chini waliitwa baada ya kundi A na kabla ya kundi B. Kundi A lilikuwa na watu wasiozidi 60, na ndege zao aghalabu zilikuwa na viti 143 au 175. Jirani yangu, kwa kuwa mdogo wake ana miaka minne, angaliitwa hapo, naye angalipata safu nzima nyuma bila kutoa hata senti moja.

Hata hivyo, asiyekuwa na mtoto mdogo kiasi hicho alikuwa na taabu yake. Mama mwenye watoto wa miaka saba na tisa hakuwa na wito wa peke yake. Nafasi katika kundi A au C ilitegemea saa ya kujiandikisha, na orodha ilifunguliwa saa 24 kabla ya ndege kuruka. Watu walikaa na saa mkononi wakingoja dakika ile ifike. Mwenye kuchelewa kwa sababu ya kazi, zamu ya ulinzi au mtoto mgonjwa aliangukia kundi C, na kundi C lilikuta viti vya katikati vimetawanyika, kimoja hapa kimoja kule. Halafu ilikuwako hila. Mmoja huingia mapema, akatandaza koti na kitabu juu ya viti viwili vitatu, akasema “pana mtu.” Nasi tunaijua sana desturi hiyo. Nilipokuwa nikienda chuo cha ualimu nilikuwa hodari wa kurusha mfuko wangu kupitia dirisha la basi kabla halijasimama, na mfuko ukanishikia mahali. Ndege haina dirisha la kurushia mfuko, lakini tabia ya binadamu ni ile ile. Southwest halikuwa na kanuni ya kukataza kushikiana viti wala ya kuruhusu, na wahudumu wake waliachiwa ugomvi huo wauamue papo hapo.

Na tangu mwaka 2009 shirika lilianza kuuza hata ile nafasi ya mbele katika foleni: ukilipa kidogo, unaandikishwa kabla ya wengine bila kukodolea saa macho. Hapo ndipo namwambia sajini afikiri tena. Utaratibu wa “anayewahi” huonekana kama usawa, lakini ukiishi sana, kule kuwahi kwenyewe hutiwa bei.

Mwaka 2006 Southwest lilifanya majaribio ya kugawa viti kwa nambari katika safari za kutoka San Diego, likarudi kwenye desturi yake. Lakini mwezi Julai 2024 lilitangaza kwamba litaiacha. Lilisema kwamba asilimia 80 ya abiria wake, na asilimia 86 ya wale ambao lingependa kuwapata, walitaka kiti kinachojulikana tangu mwanzo. Wakati huo huo wawekezaji wakubwa walikuwa wakiwashika koo wakuu wa shirika waongeze mapato. Nadhani sababu zote mbili ni za kweli, nami sioni haja ya kuchagua moja. Tarehe 27 Januari 2026 ndege zake zilianza kuruka kwa viti vya nambari. Anayenunua nauli ya chini kabisa hupangiwa kiti wakati wa kujiandikisha. Anayetaka kuchagua mapema hulipa zaidi.

Huko Ulaya mageuzi hayo yalikwisha kupita zamani. Shirika la easyJet la Uingereza liliweka nambari katika safari zake zote mwezi Novemba 2012, na Ryanair la Ireland likafuata mwezi Februari 2014. Abiria walifurahi, kwa maana mbio za langoni zilikuwa zimewachosha. Haikuchukua miaka mingi wakaona upande wa pili.

Mwaka 2017 malalamiko yalizidi kwamba watu waliokata tikiti pamoja bila kulipia viti walikuwa wakitawanywa ndege nzima na Ryanair. Kipindi kimoja cha televisheni ya BBC kilipeleka makundi manne, kila moja la watu wanne, katika safari nne. Wote 16 walipewa viti vya katikati. Mtaalamu wa takwimu wa Chuo Kikuu cha Oxford, Jennifer Rogers, alikadiria kwamba uwezekano wa jambo hilo kutokea kwa bahati tu ni mmoja katika milioni 540. Shirika lilijibu kwamba viti vya dirishani na vya kando ya njia huwekwa kwa ajili ya wanaolipa, ndiyo maana vya katikati hubakia kwa wasiolipa. Jawabu hilo lina mantiki yake, lakini pia lajieleza lenyewe. Kwa habari ya watoto, shirika hilo liliweka kanuni kwamba mtu mzima anayefuatana na watoto walio chini ya miaka 12 lazima akilipie kiti chake, kisha watoto hadi wanne hupewa viti karibu naye bila malipo.

Wengine watasema: mambo yote haya ni ya raha tu, mtu avumilie saa chache. Si raha tu. Kabla ndege mpya ya abiria haijapewa kibali, mtengenezaji hutakiwa kuonyesha kwamba watu wote waweza kutoka nje katika sekunde 90, hali nusu ya milango imefungwa. Sasa mweke mama safu ya 9 na mtoto wa miaka minne safu ya 26, kisha moshi uingie. Msomaji askari hahitaji kuelezwa zaidi, yeye aliyefundishwa namna watu wanavyotoka mahali pa hatari. Hakuna amri duniani itakayomfanya mama yule ashuke kwa mlango wa mbele. Atageuka, atapanda mkondo wa watu wanaokuja, na wote watakwama. Kwa sababu hiyo mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza imeelekeza kwamba mtoto mdogo aketi katika safu moja na mtu wake mzima, na ikishindikana, wasitenganishwe kwa zaidi ya safu moja.

Kwa hiyo mimi niko upande wa nambari. Mwenye nambari hapigani mlangoni, na mjamzito au mzee hashindani mbio na vijana. Ninachokipinga ni kumtoza mzazi kwa kukaa na mtoto ambaye kanuni za usalama zenyewe zamtaka akae naye. Chagua dirisha, lipa. Taka nafasi ya kunyoosha miguu, lipa. Lakini kiti cha kando ya mtoto wa miaka minne si anasa. Serikali ya Marekani iliona vivyo hivyo: mwezi Agosti 2024 Wizara yake ya Uchukuzi ilitoa pendekezo la kanuni ya kuwakataza wenye ndege kutoza fedha ili mzazi aketi karibu na mtoto wake wa miaka 13 au chini.

Kwa jamaa zetu wanaosafiri, hasa sasa ambapo ndege za nauli nafuu zimeizoea Entebbe (flydubai ilianza kutua hapo mwaka 2014), nitasema machache. Tikiti za jamaa nzima zikatwe pamoja chini ya nambari moja, na umri wa kila mtoto uandikwe sawasawa, kwa sababu tikiti zilizokatwa mbalimbali kompyuta haijui kwamba ni za ndugu. Mwulize wakala bei ya kuchagua viti kabla hujatoa fedha, uijumlishe na nauli na gharama ya mizigo, ndipo ulinganishe shirika hili na lile. Mara nyingine ile nauli ya juu huwa ndiyo nafuu. Jiandikishe mara orodha inapofunguliwa. Na ukiona mmetenganishwa, sema pale pale mezani mnapotoa mizigo, ambako ofisa ana viti vingi mbele yake vya kubadilisha. Ukingoja hadi ndani ya ndege, utabakia kutegemea hisani ya vijana.

Jirani yangu atasafiri tena mwezi Desemba. Juzi sajini alikuja kwangu na karatasi yenye ramani ya viti, amepiga hesabu ya malipo ya viti vitatu kwenda na kurudi, na uso wake ulionyesha kwamba hesabu haikumpendeza. Aliguna, akatoa kalamu, akazungushia duara safu ya 14, A, B na C. Kisha akamwuliza mkewe ni nani atakayekaa dirishani. Kabla mama hajafungua kinywa, watoto wote wawili walijibu kwa pamoja.