Kumbukumbu isiyohitaji umeme ina maana gani kwa Kasesya?

UMEME ukikatika ghafla katika kituo cha mpakani kama Kasesya, mkoani Rukwa, ofisa anayejaza hati za lori kwenye kompyuta isiyo na betri hupoteza kila ambacho hajakihifadhi, na dereva hubaki foleni.

Adha hiyo si ngeni. Kwa miaka mingi Rukwa ilikuwa nje ya Gridi ya Taifa, ikitegemea majenereta ya dizeli na umeme ulionunuliwa Zambia. Mwaka 2024 Zambia yenyewe ilikumbwa na ukame uliokausha mno Bwawa la Kariba, ikalazimika kugawa umeme kwa zamu.

Hata hivyo, sehemu ya tatizo imo ndani ya kompyuta. Kumbukumbu yake ya kazi hutunza taarifa kwa chaji ndogo zinazovuja, hivyo kila chaji hufanywa upya takriban mara 15 kwa sekunde. Kompyuta hula umeme hata inapokuwa haifanyi kazi yoyote, ila kukumbuka tu.

Flashi haina udhaifu huo. Elektroni zake hufungiwa nyuma ya oksidi ya silikoni isiyopitisha umeme, zikakaa miaka. Lakini kuzipenyeza humo huhitaji volti kubwa, na kila uandishi huichakaza oksidi hiyo. Ndiyo maana haijashika nafasi ya kumbukumbu ya kazi.

Matumaini yameelekezwa kwenye oksidi ya hafniamu. Mwaka 2011 watafiti nchini Ujerumani walieleza kuwa utando wake mwembamba, ukitiwa silikoni kidogo, una atomi zinazosogezwa na umeme na kubaki zilipo hata umeme ukiondolewa. Viwanda vya chipu vilikwisha kuizoea oksidi hiyo tangu 2007.

Pamoja na hayo, sayansi nzuri haitoshi. Kampuni ya Intel, iliyoanza kuuza kumbukumbu za Optane mwaka 2017, ilitangaza kuachana nazo mwaka 2022. Bei na soko vilikuwa na usemi wao.

Mradi wa TAZA, wa kuziunganisha gridi za Tanzania na Zambia kupitia Sumbawanga, umekusudiwa kuleta nafuu. Lakini ofisi, shule na zahanati za pembezoni zinazotumia nguvu za jua zina swali la kumuuliza muuzaji leo: kompyuta hii inakula wati ngapi? Inayokula kidogo hudumu zaidi kwa betri ileile, hata kama bei yake dukani ni kubwa.