Grisi na Mtungi wa Oksijeni

Msafiri apitaye Segera, pale zinapokutana barabara za Tanga, Moshi na Chalinze, au ashukaye Korogwe mjini, hakosi kumwona fundi wa kuchomelea vyuma kando ya njia, na karibu naye mtungi mrefu wa oksijeni. Twamheshimu fundi huyo. Trela lililovunjika, pampu ya kisima kule Handeni, mashine ya kuchakata mkonge, vyote vyangojea mikono yake. Lakini iko desturi ya baadhi ya mafundi ambayo hatuna budi kuikemea bila kumung'unya maneno: kupaka grisi kwenye nyuzi za mtungi ili geji ikazike kwa urahisi.

Wengi hudhani oksijeni yawaka. Haiwaki, bali huuchochea moto. Hewa tuivutayo ina oksijeni sehemu 21 katika 100; ndani ya mtungi ni oksijeni karibu tupu, tena imeshindiliwa kwa nguvu mara 150 hata 200 kuliko hewa ya kawaida. Vali ikifunguliwa kwa pupa, gesi hukimbilia kwenye geji, hubanwa ghafla, na kwa kubanwa huko hupata joto kali kufumba na kufumbua. Ikikuta tone la mafuta, au alama ya kidole chenye grisi, huliwasha pasipo kiberiti. Chuma chenyewe chaweza kuwaka. Na mkata mabamba alijua hilo kuliko sisi waandishi, maana ndiyo kazi yake ya kila siku.

Tazameni wafanyavyo wazamiaji wa baharini, huko Unguja na Mafia, ambao baadhi yao hutumia hewa iliyoongezwa oksijeni. Kanuni iliyoenea kwao ni kwamba chombo kitakachopitisha mchanganyiko wenye oksijeni zaidi ya sehemu 40 katika 100 sharti kisafishwe kwanza. Hufunguliwa kipande kwa kipande, kikaoshwa kwa maji moto na sabuni ya kuondoa mafuta, kikasuuzwa, kikakaushwa kwa hewa isiyo na mafuta ya kompresa. Pete za mpira hubadilishwa, na kilainishi ni kile tu kilichotengenezwa kwa ajili ya oksijeni. Taabu yote hiyo, ndugu zetu, mara nyingi ni kwa ajili ya mgeni aendaye kutazama samaki! Je, mchomeleaji wa Handeni astahili uangalifu mdogo kuliko mtalii?

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 yamwajibisha mwajiri kumlinda mfanyakazi wake. Basi na ampe nafasi ya kunawa kabla ya kugusa vali, amfundishe kuifungua polepole akiwa amesimama kando ya geji, na apige marufuku kupuliza vumbi la nguo kwa oksijeni, kwani nguo iliyoinywa gesi hiyo huwaka kwa cheche moja. Wauguzi nao wasishike mitungi ya wagonjwa kwa mikono iliyopakwa mafuta.

Kipande cha sabuni na kitambaa safi havimfilisi mwajiri yeyote. Twataka kuviona kando ya kila mtungi, tangu Mkata hata Mombo.