Nyumba Juu ya Maji

Mume wa dada mmoja, msomaji wetu, ataka kumpeleka Maldivi walale katika nyumba ya nguzo juu ya bahari, zawadi ya miaka 20 ya ndoa. Dada auliza: nchi ni ya Kiislamu, je, lipo la kuhofia?

Lipo. Pombe imekatazwa katika visiwa wanakoishi wenyeji, lakini visiwa vya hoteli vimeruhusiwa kuiuza. Bwana na aulize kabla ya kulipa. Aulize pia kama baraza ina kizuizi, kwani nyumba nyingine hutazamana, na raha ya ngazi ile ishukayo majini ni kuogelea kwa stara.

Mkipitia Malé, zuruni Msikiti wa Ijumaa wa kale, wa mwaka 1658, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe kama misikiti yetu ya Lamu. Hapo, nakiri, nakuonea wivu wa kheri.